Kitako cha bunduki hakitaki mafuta mengi, kinataka muda

Watu wakiniletea kitako cha bunduki, yaani ile mbao yake yote, nikitengeneze upya swali la kwanza huwa ni mafuta gani, ya kitani, ya tungu, ama yale ya chupa ndogo ya Tru-Oil, na mi huwa nawaambia hilo swali tuliweke pembeni kwanza manake ndo la mwisho kabisa. Yoyote kati ya hayo ukiyapaka juu ya mbao iliyoandaliwa vizuri yatapendeza, na yoyote ukiyapaka juu ya mbao iliyojaa grisi ya miaka mingi yatanata tu, kila ukishika bunduki mkono unaganda na vumbi lote linakaa hapo. Nimefanya hii kazi kwenye bunduki zangu na za ndugu na marafiki, za kuwindia na za kijeshi za zamani, na kitu ninachokiamini kabisa mpaka leo ni kwamba mafuta sio ngao. Ulinzi wake ni mdogo kuliko watu wanavyodhani, ila yana sifa moja ambayo vanishi na laka hazina, yanarekebishika. Ukikikwaruza kitako leo porini, jioni unasugua mafuta kidogo palepale na baada ya siku chache huoni kitu. Ukilielewa hilo, yaani udhaifu wake na uzuri wake kwa pamoja, kila hatua ya kazi utaifanya tofauti.

Kuhusu huo udhaifu najua kuna watakaobisha, manake wamemwaga tone la maji juu ya kitako na tone likakaa duara bila kuingia. Sawa, tone la maji sio shida. Shida ni unyevu wa hewani, ule usiouona. Maabara ya mazao ya misitu ya serikali ya Marekani, ile iliyoko Madison, imepima kwa miaka mingi jinsi rangi na mafuta mbalimbali yanavyozuia mvuke wa maji kuingia kwenye mbao, na mafuta ya kitani peke yake yako chini kabisa, karibu hayazuii kitu ukiyaacha siku za kutosha. Mbao ikivuta unyevu inavimba kwa upana, urefu haubadiliki sana, na kwenye bunduki hiyo maana yake ni kwamba ubao unaanza kuusukuma mtutu pembeni na risasi zinahama. Wanajeshi wa Marine wa Marekani walilipata hili Vietnam, bunduki yao ya walenga shabaha M40 iliyoanza kutumika 1966 ilikuwa na kitako cha mbao, na joto na mvua za kule zikawa zinakipinda, ndo maana M40A1 iliyokuja miaka ya 70 ikawekewa kitako cha faibaglasi. Kwa hiyo kama bunduki yako inalala kwenye mvua mwezi mzima, mimi mwenyewe nitakwambia tafuta kitu kingine.

Lakini wengi wetu bunduki hailali mvuani. Inatoka, inatumika, inarudi, inafutwa. Na hapo ndo mafuta yanashinda. Nilishaletewa shotgani ya kiwandani yenye laka ngumu inayong'aa, ilikuwa imepigwa pigwa, laka imepasuka sehemu tatu nne na chini ya ile mipasuko maji yameingia na hayana pa kutokea, mbao ikawa na mabaka meupe na pengine meusi, na hamna namna ya kuziba kipande, lazima uibandue yote uanze upya. Kitako cha mafuta hakina hiyo tabia ya kubanduka. Alafu kuna mkono wenyewe, ukishika kitako cha mafuta unashika mbao, sio plastiki juu ya mbao, na hakimulikii mnyama jua.

Sasa kabla hujagusa chochote, bunduki itoe risasi, toa magazini, fungua chemba, angalia kwa macho alafu ingiza kidole, na hata kama umeiangalia jana angalia tena leo. Sina la kuongeza hapo.

Kufungua nako kuna adabu yake. Tumia bisibisi inayojaa kwenye mfereji wa skrubu sawasawa, manake skrubu za bunduki zikishaharibika kichwa kila mtu anaona kwamba hapa palipita mtu asiyejali. Na jua bunduki yako imefungwaje. Mfano mzuri ni Lee-Enfield ya Kiingereza, ile SMLE, kitako chake ni vipande viwili, cha nyuma kimeshikwa na bolti ndefu inayoingia kwa ndani kutokea nyuma, na mwisho wa hiyo bolti una pembe nne zinazokaa kwenye kibamba kilichoko kwenye mbao ya mbele. Ukianza kuizungusha ile bolti ya nyuma kabla hujatoa mbao ya mbele, zile pembe zinazunguka ndani na kuipasua mbao. Rafiki yangu alikuja nayo, bisibisi ndefu tayari iko ndani anataka kunyonga, nikamshika mkono. Tukaanza mbele, vitu vyote vya mbele vikatoka kwanza, ndo tukarudi nyuma. Ile mbao ya mbele imeishi miongo na miongo, vita na amani, inauma sana kuipasua kwa dakika moja.

Na hapo kwenye bunduki za kijeshi za zamani naomba nikae kidogo. Sio kila kitako kinatakiwa kutengenezwa upya. Angalia mihuri. Kuna mihuri ya wakaguzi, ya viwanda, ya mwaka, imepigwa kwenye mbao kwa kina kidogo tu, na msasa unaifuta bila kurudi. Ukishaifuta umefuta historia ya ile bunduki na thamani yake kwa wanaozikusanya, na hakuna mafuta duniani ya kuirudisha. Mosin-Nagant, bunduki za jeshi la Urusi, zilizokarabatiwa kule baada ya Vita vya Pili vya Dunia zinakuja na shelaki nyekundu, aina ya vanishi, imepasukapasuka, watu wanaiona mbaya wanaivua yote, mi nasema ile ndo sura yake ya kihistoria, fikiri mara mbili. Mara nyingi kitako cha zamani kinachoonekana cheusi na kimekufa kimejaa uchafu tu, unachukua tapentaini na kitambaa, unasugua taratibu, kitambaa kinatoka kahawia mpaka kinaacha kutoka kahawia, unapaka mafuta kiasi kidogo sana na mbao inafufuka mbele ya macho yako bila hata kugusa msasa. Hiyo ndo kazi ninayoipenda kuliko zote kwa kweli.

Ikiwa ni lazima uvue, basi vua kwa dawa ya kutolea rangi, sio kwa msasa. Msasa unatoa rangi na mbao pamoja, dawa inatoa rangi peke yake. Paka nene, iache ifanye kazi, kwangua na kipande cha plastiki au cha mti, usitumie chuma. Fanya nje penye hewa. Dawa za zamani zenye methilini kloridi zilikuwa kali na zimeua watu waliofanya kazi kwenye vyumba vilivyofungwa, Marekani walipiga marufuku kuwauzia watu wa kawaida mwaka 2019, kwa hiyo chagua hizi za siku hizi zinazokwenda polepole na uvumilie. Na wale wanaopulizia dawa ya kusafishia oveni kwenye mbao ya jozi, tafadhali acheni. Ile ni magadi makali, inakula grisi kweli lakini inaipa mbao ya jozi weusi wa ajabu, na isipooshwa vizuri inabaki ndani ikisubiri mafuta yako.

Sasa grisi. Hapa ndo kazi nyingi zinafia na hapa ndo napotumia muda mrefu kuliko popote. Mafuta ya bunduki, yale ya kulainishia chuma, hayakauki milele. Bunduki ikisimamishwa kwenye kona mtutu juu kwa miaka, mafuta yanashuka kidogo kidogo yanaingia kwenye mbao nyuma ya mtambo, yaani kile chuma cha katikati chenye chemba, pale panapoingia mkia wa chuma na pale shingo ya kitako ilipo nyembamba. Mbao pale inakuwa nyeusi na laini, ukibonyeza na ukucha inaingia. Hapo gundi haishiki, mafuta mapya hayakauki, na ndo sehemu inayopokea teke la risasi, kwa hiyo nyufa nyingi zinaanzia hapo.

Njia ninayoitegemea ni unga wa chaki na asetoni. Unachukua unga mweupe wa chaki, kalsiamu kaboneti, unakoroga na asetoni mpaka uwe mzito kama uji, unapaka kwenye sehemu nyeusi unene wa kutosha, unauacha. Asetoni inaingia inalegeza grisi, alafu inapotoka kwenda hewani inaivuta ile grisi juu na chaki inaishika. Ukirudi baadae utakuta ule weupe umegeuka njano au kahawia, unaubrashi, unapaka tena. Na tena. Unaacha pale tu chaki inapokauka ikiwa bado nyeupe. Kuna vitako vinaisha haraka na kuna vingine vinakutoa jasho, na katikati unaweza kukianika juani ili mbao ipate joto, grisi iliyoko ndani zaidi inapanda juu inameremeta, unaifuta unaendelea. Asetoni inashika moto kwa haraka sana hata mvuke wake, kwa hiyo ni nje, mbali na jiko, mbali na sigara, mbali na kila kitu chenye cheche, na glovu mkononi.

Watu wanauliza kwanini nisipake tu juu yake. Kwa sababu mafuta ya kitani ili yagande yanahitaji kukutana na hewa na mbao safi, yakichanganyika na mafuta ya mashine ndani ya vinyweleo vya mbao yanabaki nusu maji, na hata ukipaka tabaka kumi hapo patakuwa panatoa jasho kila jua likiwaka.

Mbonyeo unatoka kwa pasi. Weka kitambaa cha pamba kilicholowa juu ya mbonyeo, gusa na ncha ya pasi ya moto sekunde chache, mvuke unaingia na nyuzi zilizokandamizwa zinavimba zinarudi juu. Rudia mpaka pawe sawa. Lakini elewa tofauti, mbonyeo ni nyuzi zilizobanwa na mchubuko ni nyuzi zilizokatwa, zilizokatwa hazirudi hata ukipiga pasi usiku kucha. Na hii ifanyike baada ya kuvua rangi na kutoa grisi, manake mvuke haupiti kwenye laka. Ukikutana na weusi wa bluu bluu pembeni ya skrubu, huo ni chuma kimekutana na maji na tanini, ile asidi ya asili iliyoko kwenye mbao, asidi ya oksaliki iliyochanganywa na maji ya uvuguvugu inautoa vizuri sana, ni sumu, vaa glovu na barakoa usivute unga wake, alafu suuza mbao mara kadhaa na uiache ikauke kabisa. Nyufa ziba na epoksi sasa hivi wakati mbao ni safi, ukishapaka mafuta umechelewa.

Msasa. Ningekuwa na uwezo ningewanyang'anya watu msasa mpaka wawe tayari. Kitako kizuri kina mistari, kina kona, kina mahali ambapo mbao na chuma vimekutana sawasawa bila ngazi, na aliyekichonga alitumia ufundi mkubwa kufika hapo. Ukipiga msasa kwa kidole bila kibao nyuma yake unakula sehemu laini unaacha sehemu ngumu, unapata mawimbi, unaziviringisha kona zilizokuwa kali, na ukifika pale mbao inapokutana na chuma unaishusha mbao, ukija kufunga unakuta chuma kimesimama juu na hapo huna la kufanya. Kwa hiyo: kibao kidogo chenye raba nyuma ya msasa, fuata nyuzi za mbao siku zote, na bamba la nyuma ya kitako liache limefungwa wakati unapiga msasa, lizungushie selotepu nzito lisichubuke, ili mbao na bamba viishe pamoja kwenye mstari mmoja. Kuzunguka mtambo mi huwa sipigi kabisa, au naenda kwa mkono mwepesi sana na msasa uliochakaa.

Namba za msasa, kubwa ndo laini zaidi, anza na 180 au 220 kama mbao haijaharibika sana, 120 ni kwa matatizo makubwa. Malizia 320. Kupiga mpaka 1000 kwenye mbao kavu ni kuipolishi na kuifunga, mafuta yanapata shida kuingia. Kabla ya ile mara ya mwisho lowesha mbao na kitambaa chenye maji, ikikauka utaona imeota manyoya, hizo ni nyuzi zilizokuwa zimelala zimesimama, unazikata na msasa kwa mkono mwepesi, unalowesha tena, mpaka manyoya yasiote. Usipofanya hivyo yataota baadae kwenye mvua ya kwanza. Alafu pitisha tapentaini juu ya kitako kizima na ukiinamishe kwenye mwanga wa pembeni, kwa dakika chache inakuonyesha mbao itakavyofanana ikishapakwa, na mikwaruzo yote ya msasa uliodhani umeimaliza inajitokeza. Hiyo hatua imeniokoa mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema.

Haya, mafuta sasa. Ya kitani mabichi ndo yale yaliyopakwa kwenye Lee-Enfield na bunduki nyingi za jeshi la Uingereza, yanatoa rangi ya dhahabu inayokolea na umri, ila yanaganda polepole mno, siku nyingi hata ukipaka kiasi kidogo. Yale yanayoitwa ya kuchemshwa siku hizi kwa kawaida hayajachemshwa, ni mabichi yaliyotiwa chumvi za madini kama kobalti na manganizi zinazoharakisha kuganda, kwa hali ya hewa ya joto na kavu yanashika ndani ya siku moja. Ya tungu yanakamuliwa kwenye mbegu za mti wa China, yanahimili maji vizuri zaidi na hayageuki njano sana, lakini yakipakwa mazito yanakunjamana na kuwa na ukungu mweupe. Soma chupa yake vizuri, manake nyingi zenye jina la tungu kubwa mbele ndani ni vanishi iliyochanganywa na tapentaini, tungu yenyewe kidogo sana au hamna. Tru-Oil yenyewe ni mafuta ya kitani yaliyofanyiwa kazi, yanaganda kwa masaa na yanajenga utando juu, ukitaka yang'ae yanang'aa, ukitaka yatulie unayasugua baadae. Ukifungua ile chupa hewa inaingia na yanaanza kuganda humohumo, tumia yale yanayokutosha na uifunge mara moja.

Mi kwa mbao ya jozi napenda kuanza na kitani cha kuchemshwa kilichopunguzwa na tapentaini nusu kwa nusu, na nikitaka wekundu ule wa bunduki za London za zamani naloweka mizizi ya alkaneti kwenye mafuta mpaka yawe mekundu kama damu, ni rangi ya mmea, haifichi nyuzi, inazipa joto tu. Kwa bunduki itakayokutana na maji mengi namalizia na Tru-Oil au mchanganyiko wa mafuta na vanishi. Ni mapenzi yangu, wengine wataenda na tungu mwanzo mwisho na watapata kitu kizuri pia.

Kinachoamua sio jina la mafuta, ni unene. Haya mafuta hayakauki kwa maji kutoka kama nguo kwenye kamba, yanavuta oksijeni kutoka hewani na kugeuka kutoka maji kuwa kitu kigumu. Ukipaka nene, juu panaganda kwanza na pakishaganda pameziba njia, chini panabaki mbichi, na hapo ndo unapata kitako kinachonata miezi. Kwa hiyo paka kwa kiganja au kitambaa kisichotoa nyuzi, sugua mpaka mkono upate joto, acha robo saa mpaka nusu saa, alafu futa yote. Nasema yote. Chukua kitambaa kikavu ufute mpaka uone kana kwamba umeondoa kila kitu ulichopaka, kilichobaki ndani ya mbao ndo tabaka lako. Subiri paishe kunata kabisa ndo upake tena, na kama hali ya hewa ni baridi na unyevu subiri zaidi. Na ikitokea kitako kimekuja mikononi mwako kinanata kwa sababu mtu aliyepita alimwaga, sugua na tapentaini na stilwaya laini ya 0000, mara nyingi inatoka kama haijakaa sana.

Kuna ule msemo wa zamani wa wapenda bunduki, paka kila siku kwa wiki moja, kila wiki kwa mwezi mmoja, kila mwezi kwa mwaka mmoja, alafu kila mwaka maisha yako yote. Nauheshimu kwa sababu unafundisha subira, ila ukiufuata bila kufuta unaishia na kitako cheusi chenye uchafu uliogandana juu. Mbao ikishakataa kunywa, imekataa.

Mbao ya jozi ina vinyweleo vilivyo wazi, kwa hiyo ukitaka uso tulivu usio na vitundu tabaka la pili na la tatu yapige na msasa wa 400 wa maji ukiwa umelowa mafuta. Vumbi la mbao na mafuta vinatengeneza tope laini la rangi ileile ya kitako, unalisukuma kuvuka nyuzi liingie kwenye vitundu, unaliacha ligande, siku inayofuata unaendelea. Mbao za biichi na mepo hazina haja hiyo, vinyweleo vyake ni vidogo. Nakshi za kushikia, zile zilizochongwa kwa mistari ya msalaba, usizipige msasa kamwe, safisha na mswaki na tapentaini, mwisho kabisa paka mafuta membamba kiasi kidogo na uyabrashi yatoke yote, yakiganda mle ndani meno yanaziba.

Alafu sehemu zisizoonekana. Kwa vile mafuta hayazuii mvuke kwa kiasi hicho, basi usiache mlango wazi. Kichwa cha mbao nyuma, chini ya bamba au raba, pale nyuzi zimekatwa wazi zote, panakunywa unyevu kuliko uso wote wa kitako, na viwanda vingi vinaacha pale pakavu kabisa. Mi napanywesha mafuta mpaka pashibe, nafuta, na panapokauka napitisha vanishi nyembamba juu, hapaonekani na mtu. Vivyo hivyo ndani panapokaa mtambo na mtutu, na kwenye matundu ya skrubu, safu nyembamba tu isije ikabadilisha chuma kinavyokaa.

Vitambaa. Hili mtu asilipite haraka. Ile oksijeni inayoingia kwenye mafuta inatoa joto, na kitambaa chenye mafuta ya kitani kikikunjwa na kutupwa kwenye pipa joto halina pa kwenda, linapanda mpaka kitambaa kinawaka chenyewe bila kiberiti. Tarehe 23 Februari 1991 jengo refu la One Meridian Plaza kule Philadelphia liliungua, moto ulianzia ghorofa ya 22 kwenye vitambaa vya mafuta ya kitani vilivyoachwa na mafundi waliokuwa wanasafisha mbao, wazima moto 3 wakafa. Vitambaa vilikuwa vya kazi kama hii hii yetu. Mimi navianika kimoja kimoja nje juu ya sakafu ya saruji mpaka vikakamae, au navizamisha kwenye ndoo ya chuma yenye maji na mfuniko. Hata kitambaa kimoja kidogo, hata kama nimechoka.

Ukimaliza tabaka la mwisho usikimbilie kufunga. Kushika pasinate ni jambo moja na kukomaa ni jambo lingine, kipe kitako wiki mbili tatu au zaidi, sehemu kavu yenye hewa. Ndipo nta kidogo kama unaipenda, sio lazima. Funga skrubu kwa mpangilio, kaza kwa kiasi kilekile cha mwanzo, na uende ukaijaribu shabaha upya kwa sababu mbao imetoka imerudi na mtutu unaweza kuwa umekaa tofauti kidogo. Mwisho wa siku ukiisafisha bunduki weka mafuta ya chuma tone moja tu na ulifute, na ukiihifadhi ilaze au igeuze mtutu uangalie chini juu ya kitambaa, ili kile kidogo kinachobaki kitiririke kuelekea mdomoni kisirudi kwenye ile shingo ya mbao uliyoitoa grisi kwa chaki.